Gramu 15 za nani?

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza kama ni haki kumnyonga mtu kwa kosa la dawa za kulevya, na kama kitanzi kinapunguza biashara hiyo. Hasira iliyo nyuma ya swali inaeleweka. Aliyemwona kijana wa mtaani akigaragara kwa arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, hahitaji mhadhara. Hata hivyo jibu langu ni hapana, mara zote mbili, na naanzia kwenye mizani, maana katika sheria hizi mizani ndiyo inayoamua nani anyongwe.

Tuichukue Singapore, ambayo hutajwa na kila anayetaka kitanzi. Sheria yake ni ya 1973, na adhabu ya kifo ikaongezwa 1975. Ukiingiza au kusafirisha heroini inayozidi gramu 15, kokeini inayozidi 30, methamfetamini inayozidi 250 au bangi inayozidi 500, unakabiliwa na kamba. Gramu 15 ni kama sukari ya vijiko vinne vya chai. Kwa heroini huhesabiwa unga safi peke yake: pakiti inapelekwa maabara ya serikali, michanganyiko inatolewa kwenye hesabu, na kinachobaki ndicho kinachoandikwa kwenye hati ya mashitaka.

Hati hizo zinafaa kusomwa polepole. Mara kwa mara utakuta imeandikwa "si chini ya gramu 14.99", na kwa bangi "499.99". Mizani haina bahati ya namna hiyo. Maana yake ni kwamba upande wa mashitaka umeamua kutodai kifo: kati ya gramu 10 na 15 za heroini adhabu ni kifungo cha miaka 20 hadi 30, au maisha, pamoja na viboko 15. Roho ya mtu imeokolewa au imepotea kwenye kalamu ya mwendesha mashitaka, jaji bado hajafungua jalada.

Kuna pia suala la ushahidi. Anayekutwa na zaidi ya gramu 2 za heroini huchukuliwa kuwa ni za kuuza. Mwenye funguo za gari au chumba chenye mzigo huchukuliwa kuwa mzigo ni wake, na anayekutwa nao huchukuliwa kuwa alijua ni kitu gani. Akisema sivyo, ni yeye wa kuthibitisha. Huku kwetu Tanzania hata mwizi wa kuku hafungwi mpaka Jamhuri ithibitishe pasipo kuacha shaka.

Tangu 2013 Singapore imelegeza kamba kidogo. Mshitakiwa aliyekuwa punda tu, yaani mbebaji, anaweza kupewa kifungo cha maisha na viboko visivyopungua 15 iwapo mwendesha mashitaka atampa cheti kwamba ameisaidia idara ya dawa za kulevya kuvunja mtandao. Njia nyingine ni kuthibitisha ulemavu wa akili uliopunguza uwajibikaji wake. Tazama ilivyofanya kazi kwa Wamalaysia wawili. Yong Vui Kong alikamatwa 2007 akiwa na gramu 47.27, alipata cheti, na Novemba 2013 hukumu yake ikageuzwa kuwa maisha na viboko. Nagaenthran Dharmalingam alikamatwa 2009 kwenye kituo cha mpakani cha Woodlands, gramu 42.72 zikiwa zimefungwa pajani. Vipimo vilionyesha akili ya kiwango cha IQ 69, chini sana ya wastani. Hakupata cheti, hoja ya akili ikakataliwa, akanyongwa Aprili 27, 2022. Mzigo wake ulikuwa mdogo kuliko wa mwenzake. Cheti kinahitaji majina, na punda wa chini kabisa hana jina la kutoa. Papa akikamatwa ana cha kuuza; dagaa ana paja lake tu.

Mtanisamehe kurefusha hapo. Kuhusu kama kitanzi kinasaidia: ni kweli Singapore ina mateja wachache. Lakini pia ni kisiwa kidogo chenye madaraja mawili tu ya kuingilia kwa gari, vipimo vya mkojo vya lazima, vituo vya lazima vya kuacha unga na polisi wasionunulika kirahisi. Ukitaka kujua kamba inaongeza nini, angalia nchi yenye kamba isiyo na hayo mengine. Malaysia jirani ilifanya kifo kuwa adhabu ya lazima kwa wasafirishaji 1983, unga haukuisha, na 2023 ikafuta ulazima huo na kumwachia jaji hiari. Iran ilikuwa ikiwanyonga watu mamia kwa mwaka, gramu 30 za heroini zikitosha, mpaka 2017 ilipopandisha kiwango hadi kilo 2. Miaka hiyohiyo majahazi yalikuwa yakitoka pwani ya Makran, ya Iran na Pakistan, yakija kwetu. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikuta kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi moja nje ya pwani ya Kenya. Hata nusu yake tu ikiwa unga safi, ni vitanzi 34,400 kwa hesabu ya Singapore.

Sababu si ngumu. Anayemeza kete 80 zilizofungwa kwa plastiki anajua moja ikipasuka tumboni atafia ndani ya ndege. Ameshaweka roho rehani; kamba haimwongezei hofu mpya. Mwenye mzigo naye hagusi mzigo. Punda akinyongwa anatafutwa mwingine, na hasara inaingia kwenye bei.

Wanaotaka kamba iletwe hapa Tanzania, ambako sheria ya 2015 inaishia kifungo cha maisha, wapitie kwanza rufaa za kesi za dawa. Kielelezo kinatakiwa kiwe na hati ya ukamataji yenye saini za mashahidi, kifungwe kwa lakiri, kiandikwe kwenye rejista ya mtunza vielelezo, kiende kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na kurudi, na kila mkono uliokishika ujulikane. Bahasha ikilala usiku mmoja pasipojulikana, hakuna awezaye kuapa kwamba unga uliopimwa ndio uliokamatwa. Mahakama ya Rufani imewaachia watu kwa kasoro za namna hiyo, wakiwa wameshakaa gerezani miaka. Walitoka wakatembea kwenda nyumbani.