Wati 1200 kwenye kava, moshi kwenye buti

Wadau, juzi msomaji mmoja kaniandikia kuhusu sabufa, ile spika ya besi, ya gari lake: "Kaka, sabufa yangu ni ya wati 1200, amplifaya ni ya wati 400 tu, lakini nikipiga muziki kwa muda inatoa harufu ya kuungua. Inawezekanaje?" Inawezekana kabisa, ndugu yangu. Na swali lako limenigusa pabaya, kwa hiyo nivumilie.

Sabufa yangu ya kwanza niliinunua kwa kujinyima. Nikaipeleka kwa fundi mwenye jina lake, akaifunga, akazungusha kitufe cha geini kwenye amplifaya mpaka karibu na mwisho, akapandisha besi busti, yaani kile cha kuongezea besi, akafungulia muziki. Vioo vikatetemeka. "Umesikia mzigo huo?" Nilisikia, nikatabasamu mpaka masikioni. Nilitamba nayo kwa muda, nisiwadanganye, raha niliipata. Halafu jioni moja, safarini, besi ikaanza kupoa yenyewe bila mtu kugusa kitu. Baadaye ikaja ile harufu ya gundi na vanishi vinavyoungua, ambayo ukishainusa mara moja huisahau. Kisha kimya.

Nilipomrudishia fundi aliitazama kwa sekunde chache tu, akasema mbele ya wateja wake: "Umeuziwa feki." Wakacheka. Mimi nikaondoka na mzoga wangu chini ya kwapa. Ni zamani sasa, lakini bado inaniuma, kwa sababu spika ile haikuwa feki.

Nilijua hivyo baada ya kuipasua. Nilikata koni, ule uso wa spika unaotetemeka, kwa wembe nikachomoa koili, ule waya uliozungushwa unaoisukuma. Waya wa shaba ulikuwa mweusi tii, vanishi imetoka malengelenge, na mizunguko ya mwisho imelegea ikawa inakwaruza sumaku. Koni yenyewe nzima, haina hata mkunjo. Spika iliyokufa kwa kusukumwa kupita kiasi hupasuka koni au mpira wa pembeni. Hii yangu ilikuwa imepikwa tu.

Ndipo nikaanza kusoma. Sehemu kubwa kabisa ya umeme unaoingia kwenye sabufa haigeuki sauti, inageuka joto. Tunachokisikia ni asilimia chache tu, pengine isifike hata moja. Joto lote hilo linaishia kwenye koili, kipande chepesi cha waya kilichobanwa kwenye mwanya mwembamba wa sumaku. Na shaba ikipata moto ukinzani wake unapanda: ongeza nyuzi 100 za Selsiasi, ukinzani umeongezeka kwa karibu asilimia 39. Ndiyo maana besi hupungua yenyewe. Wengi wetu tukisikia imepungua tunaongeza sauti. Hapo ndipo spika huchinjwa. Ikipungua, punguza na wewe, iache ipoe.

Sasa turudi kwenye wati. Ile 1200 iliyochapishwa kwa maandishi makubwa ni kilele cha kufumba na kufumbua. Tafuta namba iliyoandikwa RMS, hiyo ndiyo spika inaibeba muda wote, na huenda ni robo tu ya ile kubwa. Halafu amplifaya yako ya wati 400 ukiisukuma kupita uwezo inaanza kuklipu, yaani vichwa vya mawimbi vinakatwa vinakuwa bapa. Wimbi lililokatwa mpaka likawa mraba kamili hubeba nguvu mara mbili ya wimbi la kawaida lenye kimo kilekile. Kwa hiyo ile 400 inaweza kusogelea 800. Nani alikwambia amplifaya ndogo haiunguzi spika?

Nitalirudia hili mpaka mnichoke: geini si kitufe cha sauti. Kazi yake ni kulinganisha amplifaya na redio. Leo naiseti mwenyewe na simpi mtu. Nachomoa waya za spika, naweka besi busti sifuri, redio naipandisha mpaka robo tatu, napiga toni ya Hz 50 iliyorekodiwa kwa desibeli 0, halafu napima volti za AC kwenye mdomo wa amplifaya, pale waya za spika zinapoingia, kwa mita ya kawaida. Hesabu yake ni ya darasani: wati zidisha kwa omu za spika, tafuta kipeuo cha pili. Wati 400 kwenye omu 4 ni volti 40. Kwenye omu 2 ni kama volti 28. Nikifika hapo nasimama, hata kama kitufe kiko chini ya nusu. Lakini hesabu hiyo fanya kwa namba iliyo ndogo kati ya RMS ya amplifaya na ya spika. Na baada ya hapo redio isivuke ile robo tatu, hata shemeji akiomba.

Besi busti nayo, vijana, acheni. Desibeli 6 ni nguvu mara nne. Ukiipandisha baada ya kuseti geini, kazi yote imekwenda na maji.

Waya mwembamba wa betri unashusha volti, amplifaya inaklipu mapema hata kama geini ni sahihi. Waya wa ethi uwe mfupi, ushike bati la gari lililokwanguliwa rangi. Tundu lililo nyuma ya sumaku lisibanwe na ukuta wa boksi, maana koili inapumulia hapo. Wenye boksi la bomba, lile lenye tundu la kutolea hewa, washeni kichujio cha subsoniki, kinachozuia mawimbi ya chini mno. Amplifaya isifunikwe na zulia wala mizigo ya buti, nayo inahitaji hewa.

Na kama harufu imeshatoka, usiitupe kwanza wala usikubali mtu akucheke. Iache ipoe kabisa, chomoa waya, pima omu. Koili ya omu 4 ikiwa nzima itasoma pungufu kidogo, kwenye 3 na ushee. Ikikaribia sifuri, imeshoti. Isiposoma kitu, waya umekatika. Ikisoma vizuri, sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, sawasawa pande zote, utege sikio: ikikwaruza, koili imeshavimba na safari yake imebaki fupi. Ikishuka na kupanda kimya, irudishe kwenye boksi ukaiseti upya geini.