Jibu: Athlon XP au Athlon MP kwa ubao mama wenye soketi mbili

Ndugu, umeuliza kama inafaa kuweka prosesa mbili za Athlon XP katika ubao mama wako wa soketi mbili (nafasi mbili za kuchomekea prosesa), badala ya Athlon MP ambazo wauzaji wanazipandishia bei. Kwa kizazi cha mwaka 2001, kilichoitwa Palomino, tofauti ya msingi si ya kasi, kwa kuwa zote mbili zina usanifu uleule na kilobaiti 256 za kashe ya ngazi ya pili, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa. Tofauti ni kwamba AMD, kampuni inayozitengeneza, iliipima na kuithibitisha MP kufanya kazi sambamba na prosesa ya pili. Ni kweli kwamba mafundi wa wakati ule waliunganisha tena kidaraja kimoja (njia ndogo ya umeme iliyokatwa) cha kundi linaloitwa L5 juu ya Athlon XP, nayo ikajitambulisha kuwa MP, lakini kazi hiyo inataka mkono mtulivu, na mimi nisingeijaribu kwenye mashine inayotunza kumbukumbu za watu.

Angalia pia kwamba chipseti ya 760MPX (chipu za ubao mama wa soketi mbili zinazounganisha prosesa na sehemu nyingine) inaishia kwenye basi, yaani njia ya data ya prosesa, ya megahezi 266, hivyo XP iliyotengenezwa kwa megahezi 333 itakwenda polepole kuliko ilivyoandikwa. Mfumo endeshi nao una neno lake: Windows XP Home hutumia prosesa moja tu, ilhali Professional hutumia mbili. Ikiwa utajaza soketi moja pekee, chukua Athlon XP bila kusita.