Je, kasino zilipigwa marufuku Uganda mwaka 2019?

Swali: Mimi ni mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) hapa Arua. Mtu amekodi chumba kwenye kituo chetu cha biashara, anataka kuleta mashine za kamari. Wazee wanasema Rais alishapiga marufuku mwaka 2019. Vijana wanasema kasino za Kampala ziko wazi na zinalipa kodi. Nani mkweli, na sisi tufanye nini?

Jibu: Ndugu Mwenyekiti, wazee wanakumbuka tamko la kweli, ila vijana ndio walio karibu na sheria.

Januari 2019 Waziri wa Nchi wa Fedha, David Bahati, alitangaza agizo la Rais Museveni kwamba kampuni mpya za kubeti mechi zisipewe leseni, na zilizokuwepo zisiongezewe muda. Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya 2016 haikufutwa. Agizo, hata likitoka juu kabisa, haliondoi kifungu cha sheria. Bunge ndilo linaloondoa. Kwa hiyo Bodi ya taifa inayosimamia michezo hiyo iliendelea kutoa leseni, na mwaka 2023 Bunge likapandisha kodi ya michezo ya kasino na mashine kutoka asilimia 20 hadi 30, huku ya kubeti ikibaki 20.

Kwa nini msimamo unayumba hivi? Tazama gurudumu la ruleti la Kizungu, mchezo wa kasino ambao kijipira huzunguka na kuangukia namba moja kati ya 37, kuanzia 0 hadi 36. Ukiweka shilingi 1,000 kwenye kila namba, umetoa 37,000. Namba moja itashinda, nawe utarudishiwa 36,000. Ile 1,000 iliyobaki ni ya kasino, na kodi hukatwa hapo, kwenye dau lililobaki baada ya washindi kulipwa: shilingi 300 kwa kiwango cha 30. Kwenye kodi hii serikali haipati kitu mpaka wachezaji wapoteze. Ndiyo maana mwanasiasa yule yule huilaani kamari kanisani Jumapili, na bajeti ikisomwa Juni huihesabu kama mapato. Mimi naona kosa si kukusanya kodi. Kosa ni kuiita kodi kubwa kinga ya vijana. Asilimia 30 humpunguzia mwenye kasino faida, lakini haimzuii kijana mlangoni.

Singapore walilishika jambo hili mlangoni. Baada ya kukataa kasino kwa miaka mingi, serikali ilikubali mwaka 2005, zikafunguliwa 2010, na raia akatozwa dola 100 za huko kwa siku ili aingie (tangu 2019 ni 150), wakati mgeni anaingia bure. Uganda ilichagua umri. Hapa mchezaji lazima awe na miaka 25, wakati Tanzania ni 18. Kijana wa miaka 22 anaweza kupiga kura na kuoa, lakini haruhusiwi kugusa mashine ile.

Sasa huyo mpangaji. Mwambie alete leseni ya Bodi. Watu wengi huonyesha leseni ya biashara ya mji au risiti ya kodi, na viongozi wanaridhika; hakuna hata moja kati ya hizo inayoruhusu kamari. Linganisha jina la kampuni, mahali palipotajwa na chumba chenyewe, kisha wasiliana na Bodi kuthibitisha. Kabla ya hapo usimwandikie barua ya utambulisho, wala usigonge muhuri. Muhuri wako ndio atakaoupeleka kwingine kama ushahidi kwamba kijiji kimemkubali.

Mashine zikiwa zimeshaingia, msizivunje wala kuzibeba, maana kesi ya kuharibu mali itawaangukia ninyi. Andika tarehe, idadi ya mashine na namba zilizobandikwa mgongoni mwake, na kama waliomo ndani wanaulizwa kitambulisho cha taifa, kwani tarehe ya kuzaliwa imeandikwa pale. Barua ipeleke polisi na kwa Bodi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mdomo hupotea ofisa akihamishwa.

Na mwenye nyumba mwite mapema, kabla hajapokea kodi ya miezi sita.