Mtoto katimiza 18, matunzo je?

Mwanangu alitimiza miaka 18 akiwa kidato cha tano. Wiki hiyohiyo akapata namba ya NIDA, akairusha kwenye grupu la familia kwa mbwembwe. Mwezi uliofuata, tarehe 5, siku ambayo M-Pesa ya matunzo kutoka kwa baba yake huingia kabla sijaepua chai, simu ilikaa kimya. Nikampigia. Mzazi mwenzangu akajibu kwa upole kabisa: "Mama Baraka, kijana ni mtu mzima sasa. Amri ya mahakama ilikuwa ya mtoto."

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuwa anadanganya. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inasema amri ya matunzo inakoma mtoto akifikisha miaka 18, na inaweza kukoma hata mapema akipata kazi ya kumtunza. Ila sheria hiyohiyo ina kipande kingine ambacho wengi wetu hatufiki kukisoma: kama mtoto bado yuko shuleni au kwenye mafunzo, mahakama inaweza kuiendeleza amri. Hilo neno "inaweza" lishike. Lazima mtu aende akaombe. Mimi nilikaa nikidhani hakimu anajua kwamba mwanangu yuko advansi, yaani kidato cha tano na sita!

Nilipoteza miezi minne, miwili kati yake kwa kugombana kwenye simu. Wewe ukiona bethidei ya 18 inakaribia na mtoto bado anasoma, anza mapema. Mimi nilianzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, nikiwa na nakala ya amri, cheti cha kuzaliwa na barua ya shule. Nenda asubuhi. Ukichelewa utaambiwa ametoka, na kweli atakuwa ametoka.

Tulipokutanishwa, mwenzangu alikuja na hoja mbili. Ya kwanza, advansi ni bure. Kweli, ada ya kidato cha tano na sita kwenye shule za serikali ilifutwa mwaka 2022. Sikubishana. Nilitoa fomu ya kujiunga, nikaanza kumsomea: godoro, shuka, ndoo, jembe, rimu ya karatasi, viatu vyeusi vya kamba, nauli ya kwenda na kurudi kila likizo. Nilipofika kwenye rimu akauliza, "Rimu ya nini tena?" Afisa akamwambia ndivyo shule zinavyotaka. Fomu ile ilinisaidia kuliko machozi niliyokuwa nimeyaandaa.

Hoja ya pili ilikuwa bodaboda, kwamba kijana tayari ana kazi. Likizo ya Juni kijana aliendesha ya mjomba wake, akapata hela ya viatu. Afisa alicheka tu.

Jambo jingine: pokea hela kwa simu, usipokee mkononi. Kuna mwezi baba yake alimpa mtoto taslimu stendi, na mpaka leo hatukubaliani ilikuwa kiasi gani.

Na chuo kikija, usikubali kuambiwa bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, litatosha wakati majina ya mkopo hayajatoka.

Sisi tuliandikiana pale ustawi kwamba matunzo yaendelee mpaka mwezi Mei, akimaliza mtihani wa kidato cha sita, kisha karatasi tukaipeleka mahakamani. Hela ya kwanza iliingia tarehe 7, imechelewa siku mbili. Sikupiga simu.