Geuza Kwanza, Mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Mombasa. Mama yako hajambo, ila goti lake ni lile lile. Umeniuliza kama kile kigango, nguzo ya mti ya kumkumbuka marehemu wa Kigiriama, ulichokikuta makumbusho huko Marekani, kimesimamishwa peke yake chini ya taa, ni sanaa au si sanaa. Na mimi nakuuliza: uliuona mguu wake?

Wanijua. Geuza kwanza, ndipo upende. Kasha, kiti cha enzi, bakuli la Kichina, vyote husema kweli kwa chini, pale fundi asipodhani utatazama. Makumbusho wao hukichomeka kitu kwenye chuma, ukaachiwa uso tu.

Ulikuwa mdogo siku yule kijana alipoingia dukani na gunia. Akatoa kigango cha mhuhu, ule mti mgumu, kichwa duara, kifua kimejaa pembetatu ndogo ndogo zilizochongwa kwa mkono usio na haraka. Kizuri, wallahi! Nikakigeuza. Mguu umekatwa kwa msumeno, mti ungali mweupe, udongo mwekundu umeganda kandokando. Kilisimikwa kwa ajili ya mzee aliyekufa wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama, si kwa ajili ya watalii wangu. Nikamwambia akirudishe alikokitoa. Jioni nikakiona mlango wa tatu, kwa jirani tuliyekuwa tukinywa naye kahawa, kishapakwa mafuta, king'aa. Yule sasa ana ghorofa. Tukipita hapo mama yako hukohoa.

Utasema kingeliwa na mchwa. Mhuhu hauliwi upesi, lakini haya, siku moja ungelika. Wagiriama wenyewe wakihama hawaving'oi, huviacha vizeeke pale pale. Geuza kwanza, nasema! Ila tena, bila taa ile wewe ungekiona wapi hata uniandikie kurasa mbili? Hapo nakwama. Mwaka 2007 vigango viwili vilivyoibwa miaka ya 1980 vilirudishwa kwa wenyewe, na nilifurahi kama vyangu. Mwaka 2019 makumbusho moja ya Denver, huko huko Marekani, ikarudisha 30, lakini navyo vilitoka boma la nani?

Hukumu ninayo ulimini, naimeza. Wewe rudi, umwombe mwenye funguo akuonyeshe karatasi zake: kilinunuliwa mwaka gani, kwa nani. Ukikuta jina la jirani yetu, niandikie mimi. Mama yako usimwambie.

Baba yako