Nyumba ya Jambiani inayotazamwa lakini haikodishwi
Waalaykumu salamu, ndugu yangu. Umeuliza kwa nini nyumba yako ya Jambiani, pwani ya mashariki ya Zanzibar, uliyoiweka Airbnb (mtandao wa kukodishia wageni nyumba) tangu Ramadhani, hutazamwa na wengi lakini haikodishwi. Kwa maoni yangu tatizo si bei, bali ni picha na maelezo. Picha zako zote zimepigwa maji yakiwa yamejaa, ilhali pwani ya mashariki bahari hupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huondoka mbali kiasi cha kumfanya mgeni asiyejua adhani ametapeliwa. Weka basi na picha ya maji kupwa, ueleze kwamba saa hizo ndizo za kutembea mchangani na kuwaona kina mama wakishughulikia mwani, kisha umwahidi mgeni kumpelekea saa za kujaa na kupwa kwa siku zote atakazokaa. Aliyeelezwa mapema hulalamika kidogo, na maoni atakayoyaandika ndiyo yatakayokuletea wengine. Bei ipunguze wakati wa masika, Machi hadi Mei; Julai na Agosti usiiguse. Taja pia feni, chandarua na tangi la maji, kwani umeme na maji ndiyo maswali ya mwanzo (mimi huulizwa kabla hata ya salamu). Ikiwa bado huna leseni ya Kamisheni ya Utalii Zanzibar, anzia huko.