Podikasti darasani: kazi iko kwenye kukata

Mwalimu mwenzangu unayeanza kutengeneza podikasti, yaani vipindi vya sauti vya kurekodi, na wanafunzi wako, weka kando kwanza habari ya maikrofoni. Najua ndilo swali linalokuwasha, kwa sababu liliniwasha mimi pia. Nilitumia wiki nzima nikilinganisha vifaa, kisha mada ya kipindi nikaichagua kwa dakika tano. Kikundi kimoja kikaniletea rekodi ya dakika 14: watoto wanne wakipokezana kurasa za kitabu cha kiada kuhusu mmomonyoko wa udongo, wakisoma neno kwa neno. Sauti safi kabisa. Mimi mwenyewe nilisinzia kabla haijafika katikati.

Kosa halikuwa lao. Nilikuwa nimewaambia "elezeni mmomonyoko wa udongo", na hilo kitabu kimeshalieleza, kwa nini wahangaike? Muhula uliofuata niliuliza hivi: kwa nini mvua ile ile ibomoe mteremko mmoja na kuuacha wa pembeni yake ukiwa mzima? Jibu lake halipo kwenye ukurasa mmoja. Lazima uunganishe ukali wa mteremko, aina ya udongo, majani yanayopunguza kishindo cha matone na mizizi inayoushika udongo. Swali la podikasti liwe la namna hiyo, la kumfanya mtoto atafute na kupanga. Ukikosea hapa, hakuna kifaa kitakachokuokoa.

Sharti langu la pili ndilo lililobadilisha kila kitu: rekodini mnavyotaka, ila kitakachosikika kiwe dakika 4 tu. Basi wakarekodi 12, wakaanza kukata. Hapo ndipo nilipoona wanafunzi wangu wakifikiri. Wawili walibishana karibu kipindi kizima. Mmoja hakutaka sehemu ya mizizi iguswe. Mwenzake akashikilia kwamba msikilizaji asipoelewa kwanza jinsi maji yanavyoongeza kasi yakiteremka, habari ya mizizi itabaki ikielea hewani. Mabishano yale sikuwahi kuyapata kwa mtihani wala kwa insha. Mtu hawezi kuamua kipi kitoke kama hajui kipi kinabeba kingine.

Kwa hiyo nikiwa na vipindi vitano vya somo, viwili navitenga kwa kukata na kusikiliza. Kimoja ni cha kutafuta, kimoja cha kupanga, kimoja cha kurekodi. Walimu wengi wapya hufanya kinyume: kurekodi kunakula siku tatu, uhariri unafanywa usiku na mtoto mmoja anayejua kompyuta, na wenzake hawaambulii kitu.

Kuhusu muswada, mimi huwaruhusu hoja chache kwenye karatasi, si maandishi kamili. Mtoto akiandika kila kitu atasoma, na sauti ya kusoma inajulikana tangu sentensi ya kwanza. Isipokuwa kwenye somo la lugha ya kigeni. Huko mwanafunzi anahitaji maandishi ya kushikilia, nami simnyimi. Na miongozo ikikwambia maneno 130 hadi 150 kwa dakika, kumbuka imepimwa kwa Kiingereza. Neno letu moja kama "hawajatuambia" ni sentensi nzima kwa wenzetu. Mpe mwanafunzi ukurasa, shika saa, upate kipimo chako.

Mambo ya sauti yenyewe ni machache. Simu inatosha. Iwekwe kwenye hali ya ndege, umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo, ili "p" na "b" zisiipige kwa pumzi. Chumba kitupu chenye kuta ngumu hurudisha mwangwi. Tafuteni chenye mapazia, vitabu au nguo. Kabla ya kuanza, rekodini sekunde 10 za ukimya: programu ya Audacity, ambayo ni ya bure na haihitaji intaneti ukishaisakinisha, huzitumia kuitambua kelele ya chumba na kuipunguza. Wakimaliza, wasikupe faili la mradi la Audacity. Halichezi kwenye simu. Watoe MP3, faili la sauti lililobanwa. WAV, faili lisilobanwa, ikiwa ya stirio (mikondo miwili ya sauti) na yenye ubora wa CD hula takriban MB 10 kwa dakika, ilhali MP3 ya mono (mkondo mmoja) ya kilobiti 64 kwa sekunde hula kama nusu MB tu. Ukiwa na vikundi kumi utaona tofauti.

Siku ya kwanza ya kusikiliza watacheka, na wengine wataona aibu kweli. "Hiyo si sauti yangu!" Waeleze mapema: tunapozungumza tunajisikia pia kupitia mifupa ya kichwa, ambayo hupitisha vizuri zaidi sauti nzito, kwa hiyo kwenye rekodi sauti yako huonekana nyembamba. Mwoga wa kusema usimlazimishe wiki ya kwanza. Lakini uhariri usiwe maficho yake ya mwaka mzima, zungusha majukumu.

Sauti ya mtoto ni utambulisho wake. Kwa kawaida yangu, podikasti husikilizwa na darasa jingine, basi. Ikitoka nje ya shule, ruhusa ya mzazi iwe ya maandishi, na majina kamili yasitajwe. Muziki wa watu wengine una hakimiliki. Wapige makofi na meza, utamu wake utakushangaza.

Katika kusahihisha, ulaini wa sauti naupa alama chache sana. Kila kikundi huniletea nusu ukurasa: tulikata nini, na kwa nini. "Tulikata kwa sababu ilikuwa ndefu" haipati kitu. Nao wasikilizaji huandika swali moja ambalo kipindi hakikulijibu. Kikundi cha mmomonyoko kiliulizwa: udongo uliobebwa ulienda wapi? Wakatazamana. Sehemu ya mto kujaa tope walikuwa nayo kwenye zile dakika 12, na wao wenyewe ndio walioikata. Wakaomba kipindi kimoja zaidi cha kukata, nikawapa, na safari hii aliyekuwa akiitetea mizizi ndiye aliyeipunguza.